Hakuna uhuru wa kweli bila sheria na mipaka. Anayepinga aje na hoja

#1 Tafakuri (mleta mada)
Habari wakuu.

Miaka mitatu iliyopita niliacha ajira ili niwe huru. Natafsiri nyaraka nyumbani: hakuna bosi, hakuna daftari la mahudhurio, hakuna wa kuniuliza natoka wapi. Miezi ya mwanzo nilijiona mfalme. Kufika mwezi wa sita nilikuwa nalala saa kumi alfajiri naamka saa sita mchana, kompyuta inalala kitandani pembeni ya mto, na kila mteja aliyepiga simu nilipokea, hata usiku wa manane. Nilikuwa najisifu kwamba nafanya kazi muda wowote ninaotaka. Kumbe hapakubaki saa hata moja ambayo haikuwa ya kazi.

Kilichoniokoa ni karatasi niliyobandika ukutani juu ya meza. Kazi inaanza saa mbili asubuhi, inaisha saa kumi, simu ya wateja inazimwa saa kumi na mbili jioni. Nimejitungia mwenyewe, na mwenyewe naitii. Tangu hapo nimeanza tena kujua jioni inafananaje.

Hoja yangu: ukiondoa mipaka yote, hubaki huru. Unabaki mtumwa wa chochote kitakachotangulia kufika, iwe hamu, usingizi, mteja au mtu mwenye misuli kukuzidi. Karibuni.

#2 Kereng'ende
Siti ya mbele. Nawasubiri wanaharakati.

#3 Nahodha Mstaafu
Mleta mada umepigilia msumari. Mwanafalsafa Rousseau alishamaliza hili zamani: pasipo sheria hapana uhuru. Angalieni tiara. Kijana akiona inapaa anadhani uzi ndio unaoizuia isifike mbinguni. Aukate aone. Haipandi hata kidogo, inayumba na kushuka mpaka inanasa kwenye mti.

#4 Ua la Jangwani
Baba Nahodha, shikamoo. Huo mfano wa tiara nausikia tangu nikiwa binti, na kila nikiusikia nauliza jambo moja: uzi kaushika nani?

Niliishi miaka saba kwenye ndoa yenye sheria nyingi kuliko bweni la shule. Simu yangu ilikaa mezani, uso juu, na mwenzangu akiingia aliichukua kabla hata hajavua viatu. Leo kosa ni kuchelewa kurudi. Kesho kosa ni kuwahi, "umewahi ili iweje?" Kila sheria niliambiwa ni kwa faida yangu, kwamba nisipowekewa mipaka nitapotea. Nilikuwa nasimama mlangoni na funguo mkononi najipangia sentensi ya kwanza nitakayosema nikiingia.

Kwa hiyo msiniambie sheria inaleta uhuru kabla hamjaniambia ni sheria ya nani.

#5 Tafakuri
Pole sana dada yangu. Na swali lako limenikaba, kwa sababu ile karatasi yangu niliibandika mwenyewe. Sikuliweka hilo kwenye bandiko la kwanza na nilipaswa kuliweka.

#6 Nahodha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Pole kwa yaliyokupata. Kwenye tiara umenishinda.

#7 Mwanagenzi
Marekebisho madogo kwa mzee Nahodha: maneno "pasipo sheria hapana uhuru" ni ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, kwenye kitabu chake cha pili kuhusu serikali, 1689. Rousseau alikuja baadaye, 1762, na lake ni jingine: kutii sheria uliyojiwekea mwenyewe ndiyo uhuru. Hilo ndilo lililo karibu na karatasi ya mleta mada.

Ila huyohuyo Locke anamjibu Ua la Jangwani pia. Alisema uhuru ni kutokuwa chini ya utashi wa mtu mwingine, utashi unaogeukageuka, usiotabirika na usiojulikana. Sasa soma tena bandiko namba 4. Leo kosa ni kuchelewa, kesho ni kuwahi. Ile haikuwa sheria hata kidogo. Sheria unaijua kabla hujatoka nyumbani. Pale ilikuwa ni hali ya hewa ya mtu mmoja.

#8 Ua la Jangwani
"Hali ya hewa ya mtu mmoja." Asante Mwanagenzi. Nimetafuta hilo neno miaka mingi.

#9 Chuma cha Pua
Nakataa, na nakataa kwa heshima.

Kwanza, huyo Locke mnayemnukuu alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha Waafrika kuwauza utumwani. Alijua kuandika uhuru kwa wino mzuri.

Pili, mnasema sheria ikijulikana mapema ndiyo inayotofautiana na ubabe. Haya, sheria za pasi za Afrika Kusini, zilizowalazimisha Waafrika kubeba kitabu cha utambulisho, zilikuwa zimeandikwa, zimechapishwa, zinajulikana na kila mtu. Ile ya 1952 iliweka wazi kabisa nani abebe kitabu na akamatwe akikikosa. Hapakuwa na kubahatisha. Tarehe 21 Machi 1960 watu wakaandamana Sharpeville kuzikataa, polisi wakapiga risasi, wakafa watu 69. Zimekuja kufutwa 1986. Mtu aliyekuwa anaamka na kitabu kile mfukoni alijua sheria vizuri kuliko mawakili. Mnamwambia nini?

#10 Mwanagenzi
Chuma, hapo kwa Locke sina la kumtetea. Na kwenye pasi umenipata, kujulikana peke yake hakutoshi. Tuongeze: aliyeitunga lazima naye imfunge, na anayefungwa nayo awe na sauti katika kuitunga. Sheria za pasi zilikosa yote mawili. Waliozipiga kura hawakubeba kitabu, na waliobeba kitabu hawakuwa na kura.

#11 Chuma cha Pua
Mmeanza na sheria, mkaongeza ijulikane, mkaongeza imfunge mtunzi, mkaongeza sauti. Mkiendelea hivi mtagundua kinacholeta uhuru ni hizo nyongeza, sheria yenyewe ni mzigo tunaobeba kwa sababu hatuna namna.

#12 Dereva wa Usiku
Wakuu mmekwenda mbali, rudini barabarani. Naendesha lori la masafa marefu. Kuna usiku nilifika njia panda taa zote zimezimika na hakuna askari. Mnajua nani alikuwa huru pale? Mimi. Mimi na wenzangu wenye malori. Tulipita kama tumeachiwa dunia, magari madogo yakatupisha, baiskeli zikasubiri. Pembeni palikuwa na mama amemshika mtoto mkono. Alitoa mguu barabarani, akaurudisha. Akatoa, akarudisha. Nilimhesabu mara nne nikiwa kwenye foleni, na zamu yangu ilipofika na mimi nilipita. Sikumpisha. Mpaka leo namuona.

Taa nyekundu ndiyo uhuru wa yule mama. Asiyeelewa hilo hajawahi kutembea kwa miguu.

Halafu angalieni Sweden, 1976 walihama siku moja nchi nzima kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Kushoto au kulia hakuna kilicho kitakatifu, ila lazima wote muwe upande mmoja ndipo kila mtu afike anakotaka.

#13 Fundi Saa
Dereva, la yule mama limenigusa. Ila ni 1967, Septemba 3, saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumapili. Na kuna kipande umekiacha. Waswidi waliulizwa kwa kura mwaka 1955 na karibu asilimia 83 walikataa kuhama. Bunge likaamua kuhama vilevile, 1963. Kwa hiyo ile "sauti" ya Mwanagenzi (#10) inaingia wapi hapo? Walisema hapana, wakahamishwa, na leo hakuna anayejiona mtumwa kwa kuendesha kulia.

Na upande wa pili: mji wa Drachten, Uholanzi, mhandisi Hans Monderman aliondoa taa kwenye makutano makubwa, akaweka mzunguko na eneo ambalo magari, baiskeli na waenda kwa miguu wanatazamana usoni. Ajali zilipungua. Watu wakikosa taa ya kuwaamulia, wanalazimika kumuona mwenzao.

#14 Dereva wa Usiku
Asante kwa mwaka, nilipindua tarakimu. Lakini Fundi, huyo mhandisi aliondoa taa, hakuondoa mpaka. Mzunguko wenyewe unakupunguza mwendo utake usitake. Njia panda niliyopita mimi ilikuwa pana na nyoofu, hakukuwa na kitu cha kunilazimisha nimtazame yule mama. Na jiulize kipofu anatazamana usoni na nani.

#15 Fundi Saa
La kipofu sina jibu. Wasioona wamelalamikia sana mitaa ya aina hiyo, ni kweli.

#16 Mtunzi wa Vina
Mimi naleta ushairi, maana ndiko nilikojifunza hili kwa jasho.

Shairi la tarbia: beti zenye mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Ukimwambia asiyetunga atakuonea huruma, ataona umefungwa kamba. Mwezi uliopita nilikuwa naandika juu ya msiba. Nilitaka kusema "moyo umechoka". Mizani imekaa sawa, lakini kina cha ubeti kilikuwa *ma*. Nikahangaika siku mbili, nakwenda narudi, najaribu kila neno lenye *ma* mwishoni. Siku ya tatu likaja: "moyo umegoma". Mizani ileile. Na ndilo lilikuwa neno la kweli! Moyo wangu haukuwa umechoka, uligoma, ulikataa kuendelea na kazi yake. Bila kile kina ningeandika neno la kwanza lililokuja, na neno la kwanza huwa ni la kila mtu.

#17 Kalamu Huru
Mtunzi, "moyo umegoma" nakupa heshima yake. Ila usitufungie mlango. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 aliweka vina na mizani pembeni, wakamshambulia kwamba anaua ushairi wa Kiswahili. Leo tunamsoma. Kuna maumivu hayakai kwenye nane kwa nane. Ukiyalazimisha yanageuka wimbo wa kuchezea.

#18 Mtunzi wa Vina
Na shairi huru lina sheria zake, Kalamu. Wapi ukate mstari, wapi upumue, neno gani libaki peke yake kwenye mstari. Tena ni ngumu zaidi kwa sababu unazitunga upya kila shairi. Ndiyo maana wengi wanaosema "naandika huru" wanaandika barua zilizokatwakatwa.

#19 Kalamu Huru
Hapo unakwepa. Ukisema kila kitu kina sheria, hata kuvunja sheria, basi hoja ya mleta mada haiwezi kushindwa kamwe, na hoja isiyoweza kushindwa haituambii kitu.

#20 Kereng'ende
Naona uzi umegeuka darasa la fasihi. Nani atamrudisha mleta mada kwenye mada yake?

#21 Refa wa Pembeni
Naomba niwapeleke uwanjani kidogo. Mpaka 1925 kanuni ya kuotea ilitaka kuwe na wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli. Mabeki walishaijua, wanasogea mbele tu, mchezo unakwama katikati ya uwanja. Mwaka huo ikapunguzwa wakawa wawili. Ligi ya juu ya Uingereza ikatoka magoli 1,192 msimu mmoja hadi 1,703 uliofuata. Kwa hiyo kulegeza kulileta uhuru. Chuma cha Pua chukua hiyo.

Lakini 1992 wakaongeza katazo: kipa asidake mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Mchezo ukachangamka, kwa sababu ule uhuru wa kurudisha nyuma ulikuwa unatumika kuua dakika. Hapo kuongeza kuliachia mchezo. Ndiyo maana mimi swali la "sheria au uhuru" siliwezi. Naweza tu kuuliza kanuni hii, kwa mchezo huu, inafungua nafasi au inaziba.

#22 Mama Pacha
Naungana na Refa. Pacha wangu walipoanza kutambaa nilikuwa nasema "usiguse", "toka hapo", "acha" tangu asubuhi mpaka sauti inakauka. Mwisho tukaweka geti dogo la mbao mlangoni pa jikoni, linanifika magotini. Siku ile sikusema "usiguse" hata mara moja. Walibingirika sebuleni kutwa nzima na mimi nilikunywa chai ikiwa ya moto, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Katazo moja lililosimama mahali pamoja lilifuta makatazo mia ya mdomo.

Ila naongeza: mwaka huu wamefikisha miaka minne na lile geti tumeling'oa. Lingebaki lingekuwa matusi kwao.

#23 Nimeacha Kamari
Mimi ni msomaji tu humu, leo naandika kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nabeti kwenye simu. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenizuia, pesa ni zangu, kidole ni changu. Kwa ile maana ya kawaida nilikuwa mtu huru kuliko wote kwenye uzi huu. Saa nane usiku nipo chooni taa imezimwa ili mke wangu asijue niko macho, mwanga wa simu usoni.

Nilichofanya: nilijifungia akaunti zote, na kadi ya benki nikampa dada yangu mkubwa. Nilimwambia nikija kuidai usinipe. Wiki ya kwanza nilikwenda kuidai. Nilimtukana dada yangu mlangoni kwake, maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakunipa. Kuna yule baharia wa Kigiriki wa kwenye hadithi za Homer, Odiseo, aliyewaambia mabaharia wake wamfunge kwenye mlingoti na wasimfungue hata akiomba. Mimi dada yangu ndiye mlingoti. Nina miezi kumi na tisa sasa.

#24 Mama Pacha
Hongera sana kaka. Na dada apewe maua yake.

#25 Chuma cha Pua
Hongera ya dhati, mkuu. Nimesoma bandiko lako mara mbili.

Lakini lazima niseme kinachonitia hofu, na si kwako, ni kwa watakaoutumia mfano wako. Mwanafalsafa Isaiah Berlin alitoa mhadhara Oxford mwaka 1958 akatenganisha uhuru wa aina mbili: kuachwa usiingiliwe, na kujitawala mwenyewe. Huu wa pili akauonya. Ukishakubali kwamba ndani ya mtu kuna yule wa kweli na yule wa saa nane usiku, atatokea mtawala atakayesema yeye ndiye anamjua yule wa kweli. Atakufunga kwa jina la uhuru wako mwenyewe, na ukipiga kelele atasema huyo anayelia si wewe.

Swali langu kwako: ukiiomba ile kadi mchana, umetulia, dada anakupa?

#26 Nimeacha Kamari
Ananipa. Makubaliano ni kwamba nikiomba, nasubiri saa 24, halafu nikiomba tena ananipa bila swali. Nimeshaomba mara mbili hivyo, kwa matumizi ya kawaida, akanipa.

#27 Ua la Jangwani
Hizo saa 24 ndizo zinazotofautisha nyumba yako na ile niliyotoka mimi. Pale hapakuwa na mlango wa kuomba. Ningeomba ningeonekana nina jambo.

Na niseme hili ili nisionekane nachukia sheria. Nilipopata chumba changu, kitu cha kwanza nilichokitunga ni sheria. Baada ya saa tatu usiku mlango wangu haufunguliwi kwa yeyote, awe ndugu, awe jirani. Shangazi alikuja saa nne akakuta komeo, akaondoka amenuna na habari ikazunguka ukoo mzima kwamba nimekuwa na kiburi. Nililia kidogo usiku ule. Sikufungua. Sasa wanaijua, wanakuja saa mbili, na nikisikia hatua nje simuulizi mtu, nageuka upande wa pili nalala.

#28 Nahodha Mstaafu
Umefanya vyema mwanangu. Na huyo shangazi atazoea.

#29 Mwanagenzi
Chuma, Berlin ulivyomweleza ni sawa. Lakini hata Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ambalo limejaa uhuru kila mstari, ibara ya 29 inakubali mipaka ya kisheria kwa ajili ya kulinda haki na uhuru wa wengine. Waandishi wake walikuwa wametoka kuona vita. Walijua dola inavyoweza kusaga watu, na bado hawakuiacha ibara hiyo nje.

#30 Chuma cha Pua
Na ibara ya 4 inakataza utumwa bila "isipokuwa" yoyote. Kuna mahali waliona mipaka haipewi nafasi ya kujadiliwa. Hilo nalo liandikwe.

#31 Kereng'ende
Sasa nauliza kwa dhati. Tafakuri, karatasi yako ya ukutani umeivunja mara ngapi?

#32 Tafakuri
Siwezi kukudanganya. Juzi mteja mkubwa alipiga saa mbili usiku nikapokea, simu sikuwa nimeizima. Na "saa kumi" nimeifuta kwa kalamu nikaandika "saa tisa" kwa sababu ya kumfuata mtoto shuleni. Karatasi ina mikwaruzo mitatu.

#33 Dereva wa Usiku
Na ulipopokea, nani alikuuliza asubuhi?

#34 Tafakuri
Hakuna.

#35 Fundi Saa
Basi mwanafalsafa Hobbes anakusubiri tangu 1651. Alisema mtu hawezi kujifunga mwenyewe, kwa kuwa anayeweza kufunga anaweza kufungua, na aliyefungwa kwa nafsi yake tu hajafungwa. Kwa kipimo hicho karatasi yako ni nia njema yenye gundi. Mwanagenzi atakuja na Rousseau wake, lakini mimi hapa nipo na Hobbes.

#36 Mwanagenzi
Nakuja naye kweli. Kama sheria ni ile tu yenye mtu wa nje wa kukuadhibu, basi Ua la Jangwani hana sheria kwenye mlango wake, na sote tumeona anayo. Alilia na hakufungua.

#37 Fundi Saa
Yeye ana shangazi upande wa pili wa mlango. Mleta mada yuko peke yake na karatasi.

#38 Nimeacha Kamari
Na mimi nilikuwa na karatasi kama hiyo, ndani ya mlango wa kabati. Ilikaa wiki mbili. Ndiyo maana kadi iko kwa dada.